Oili ya pikapu ya kazi: uchague ipi, uimwage lini

Wenye pikapu wakinikuta huuliza, "Oili gani nzuri?" Kisha hunyamaza wakisubiri nitaje kampuni. Huwa sitaji. Oili nzuri ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, na siku ya kuimwaga inaamuliwa zaidi na dizeli uliyochoma kuliko kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. La kwanza watu hukubali haraka. La pili hunibishia, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Mimi nasimamia magari ya kampuni ya kuchimba visima. Tuna pikapu tatu zenye injini ya aina moja, dizeli ya tabo, yaani yenye kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini. Moja inakimbia lami, kazi yake kupeleka wapimaji na vifaa vyao. Ya pili inavuta trela la mabomba. Ya tatu hufika kwenye kisima asubuhi, ikasimama hapo injini ikiunguruma hadi jioni kwa sababu taa na pampu ndogo zinategemea umeme wake. Zote zinatumia oili ileile, lakini hazimwagwi oili kwa kilomita sawa.

Anza na kiwango, mnato baadaye

Fungua kitabu cha gari kwenye ukurasa wa vilainishi. Utakuta mambo matatu: kiwango cha ubora, mnato, na lita zinazoingia. Wengi hukimbilia mnato, yaani uzito au wepesi wa oili, zile namba kubwa mbele ya galoni kama 5W-30 au 15W-40, wakasahau kugeuza galoni. Nyuma ndiko kwenye habari.

Huko utakuta herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Zinazoanza na S ni za injini za petroli: SL, SM, SN, na SP iliyoanza mwaka 2020. Zinazoanza na C ni za dizeli: CH-4, CI-4, CJ-4, CK-4. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya zaidi. Galoni ikiandikwa CK-4/SN, oili hiyo imetengenezwa kwanza kwa ajili ya dizeli na petroli inaimudu pia. Jihadhari na moja tu, FA-4. Ilitoka pamoja na CK-4 na inaonekana kama ndugu yake, lakini ni nyepesi zaidi na ni ya injini za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kama kitabu hakiitaji, iache.

Kwenye galoni hiyohiyo unaweza kuona ACEA, ambacho ni kiwango cha Ulaya, au JASO cha Japani. Hapa mwenye pikapu ya dizeli ya miaka ya karibuni lazima ajue jambo moja: je, gari lake lina DPF? Hicho ni kichujio kilicho kwenye ekzosti, kinachokamata masizi na kuyachoma chenyewe kila yanapojaa. Masizi huungua. Majivu yanayotokana na kemikali za oili hayaungui, yanabaki humo, na mwisho kichujio huziba. Ndiyo maana kuna oili za majivu machache. CJ-4 na CK-4 zinaruhusiwa majivu yasiyozidi asilimia 1.0, ACEA C3 asilimia 0.8, na JASO DL-1, iliyotengenezwa kwa dizeli ndogo za Kijapani zenye DPF, asilimia 0.6. CI-4 haina kikomo hicho. Kwa injini ya zamani isiyo na DPF, CI-4 ni oili imara kabisa na sina neno nayo. Ukiiweka kwenye injini yenye DPF kwa sababu galoni lilikuwa karibu, unafupisha maisha ya kifaa ambacho bei yake inaweza kulipia oili ya miaka mingi.

Watengenezaji wengine wana namba zao wenyewe juu ya hizo, kwa mfano VW 507 00. Soma maneno yanayoizunguka namba. Kuna "imeidhinishwa", maana yake mtengenezaji wa gari ameipima na kuikubali. Kuna pia "inafaa kwa magari yanayohitaji", na hiyo ni kauli ya muuza oili peke yake. Huenda ni kweli, lakini gari likiwa bado chini ya dhamana mimi huchukua iliyoidhinishwa. Na ikiwa injini yako ina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, kama baadhi ya injini za siku hizi, usicheze kabisa na kiwango. Oili isiyo yake huulegeza mpira wa mkanda, vipande vyake vikaenda kuziba wavu wa pampu ya oili.

Wenye pikapu za petroli zenye tabo, chukueni SP au kiwango kipya kuliko hicho kama kitabu kinaruhusu. SP iliwekewa majaribio ya kupunguza ule mlipuko wa mapema unaovunja pistoni injini inapobeba mzigo kwa mzunguko mdogo, pamoja na ulikaji wa cheni ya taimingi.

Sasa mnato

Namba ya kwanza, ile yenye W, inaeleza oili inavyokuwa kwenye baridi. 15W hupimwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, 10W kwa 25, 5W kwa 30, 0W kwa 35. Wanaoishi mahali pasipofika baridi hiyo huniambia namba hiyo haiwahusu. Inawahusu kidogo. Injini iliyolala usiku kucha, hata hewa ikiwa nyuzi 25, ina oili nzito zaidi ya mara kumi kuliko itakavyokuwa ikishapata moto, na nyepesi hufika juu kwenye kamshafti na kwenye tabo mapema.

Namba ya pili ni mnato wa oili ikiwa nyuzi 100, karibu na joto la injini inayofanya kazi. Daraja la 30 ni kati ya sentistoki (kizio cha mnato) 9.3 na 12.5, la 40 ni kati ya 12.5 na 16.3. Kuna kipimo kingine kisichoandikwa mbele ya galoni, cha oili ikiwa nyuzi 150 na ikisuguliwa kwa nguvu, kama inavyokuwa ndani ya beringi za krankishafti. Hapo kizio ni kingine, sentipoisi: 5W-30 inatakiwa isishuke chini ya 2.9, 5W-40 isishuke chini ya 3.5, na 15W-40 isishuke chini ya 3.7. Kipimo hicho ndicho kinachoeleza kwa nini gari la kuvuta mzigo hupendelea 40.

Lakini kwanza uangalie jedwali la kitabu. Mara nyingi kitabu cha pikapu hutoa minato miwili au mitatu kulingana na joto la nje. Ndani ya jedwali hilo una uhuru: kama unavuta trela, unapanda milima na jua ni kali, chagua iliyo nzito kati ya zilizoruhusiwa. Kama ni safari nyepesi na asubuhi za baridi, chagua nyepesi. Usitoke nje ya jedwali. Fundi atakayekuambia kwamba injini ikizeeka uweke 20W-50 ili "ishikilie" anakufichia moshi tu. Ringi za pistoni zilizokwisha hazirudi, na oili nzito huchelewa kufika juu kila unapowasha.

Pikapu yetu ya trela inatumia 5W-40 CK-4, na zile nyingine mbili pia, kwa sababu tu sitaki galoni za aina mbili stoo zikachanganywa usiku na mtu mwenye haraka. Jedwali linaniruhusu. Kwa gari moja la nyumbani ningechagua kwa makini zaidi.

Kuhusu sinthetiki na ya madini sitakawia. Sinthetiki inavumilia joto la tabo na baridi ya asubuhi kuliko ya madini, na inachelewa kuchoka. Ila neno lenyewe kwenye galoni halina uzito mkubwa: tangu uamuzi wa mwaka 1999 kwenye mzozo wa matangazo kati ya Mobil na Castrol kule Marekani, mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu yanaweza kuuzwa kwa jina hilohilo. Kiwango cha API au ACEA ndicho kilichopimwa. Oili ya madini yenye kiwango sahihi, ikimwagwa kwa wakati, inaishinda sinthetiki iliyosahauliwa humo ndani.

Lini uimwage

Tuseme kitabu kimeandika kilomita 10,000 au miezi kumi na miwili kwa kazi ya kawaida, na nusu yake kwa kazi ngumu. Geuza ukurasa usome kazi ngumu ni ipi. Utakuta: kuvuta trela, vumbi, safari fupi fupi, injini kuunguruma muda mrefu gari limesimama, mwendo wa polepole kwenye joto kali. Nikikutana na mwenye pikapu anayesema hayo hayamhusu, huwa nataka kujua alinunulia nini pikapu.

Shida ni kwamba "nusu" ni makisio. Pikapu yetu ya kisimani inatembea kidogo sana. Ukifuata kilomita 5,000 utakuwa umeichosha oili vibaya kabla ya kufika. Kinachoichosha oili ni dizeli inayoungua juu yake. Kila lita ya dizeli huleta masizi, asidi, na mvuke wa maji, na sehemu yake hupenya kando ya ringi ikashuka kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Watengenezaji wa mitambo mikubwa wamekuwa wakipanga sevisi kwa lita za dizeli kwa muda mrefu. Hakuna kinachozuia pikapu kufanyiwa hivyohivyo.

Hesabu ni rahisi. Chukua kilomita za kitabu kwa kazi ya kawaida, zidisha kwa ulaji wa kawaida wa gari lako. Likila lita 9 kwa kilomita 100, kilomita 10,000 ni lita 900 za dizeli. Hizo 900 ndizo posho ya oili yako. Kuanzia hapo, andika lita tu kila unapojaza tangi.

Pikapu ya lami inakula 9, kwa hiyo inafika karibu 10,000 kama kitabu kinavyosema. Ya trela inakula 14. Gawa 900 kwa 14, unapata kilomita 6,400 hivi. Ya kisimani inatembea kilomita 60 kwa siku, tuseme lita 6, halafu inaunguruma saa 8 ikiwa na mzigo wa umeme, karibu lita moja kwa saa. Hizo ni lita 14 kwa siku. Posho inaisha baada ya siku 64 za kazi, na dashibodi itakuwa imesogea chini ya kilomita 3,900. Anayesubiri 10,000 ataendesha kwa oili ambayo ilikwisha zamani, na kitabu chake cha sevisi kitaonekana safi kabisa.

Kama huna kumbukumbu za dizeli, tumia saa. Kwa magari ya kazi hesabu inayotumika sana ni kuihesabu saa moja ya kuunguruma kama kilomita 40 hivi za mwendo. Si sahihi kama lita, lakini inakuamsha.

Lita hazioni kila kitu. Vumbi halionekani kwenye hesabu hiyo: bomba la hewa lililopasuka kati ya chujio na tabo litasaga ringi hata kama dizeli iliyochomwa ni kidogo. Safari fupi nazo hudanganya. Injini isiyopata moto vizuri haiivukizi dizeli wala maji yaliyoingia kwenye oili. Kwa magari ya namna hiyo mimi hukata robo ya posho. Dizeli yenye salfa nyingi nayo inataka kukatiwa, maana salfa huzaa asidi, na kemikali za kuizima zilizo ndani ya oili zina mwisho. Na miezi ya kitabu ibaki palepale, hata gari likiwa halitembei.

Kijiti kinasema nini

Pima oili kwa kijiti chake kila wiki, gari likiwa mahali tambarare, dakika tano au kumi baada ya kuzima. Oili ya dizeli kuwa nyeusi baada ya siku chache si dalili ya chochote. Kemikali zake zinashika masizi na kuyabeba, ndiyo kazi yake. Usimwage oili kwa sababu ya rangi nyeusi, na usiiache kwa sababu bado inang'aa.

Rangi ya maziwa ni maji au koolanti; usiwashe tena. Chembe zinazometameta kidoleni ni chuma cha beringi. Oili kupungua kidogo kati ya sevisi ni kawaida kwa injini nyingi, jazia. Ikibidi kujazia kwa oili ya kampuni nyingine yenye kiwango na mnato uleule, jazia bila wasiwasi. Kutembea chini ya alama ya chini ni hatari kuliko kuchanganya majina.

Wengi hawaangalii oili inayopanda. Pikapu ya lami ilipokuwa ikipewa safari fupi za mjini, DPF yake ilianza kujichoma na kukatizwa kila dereva alipozima. Ili kujichoma, injini hunyunyiza dizeli ya ziada kwenye silinda, na dizeli hiyo ikikatizwa njiani hushuka kwenye sampu. Kijiti kilipanda juu ya alama ya juu na kilinuka dizeli. Oili ya namna hiyo imekuwa nyembamba na haishikilii beringi. Ikizidi sana injini inaweza kuinyonya na kuendelea kujizungusha hata ukizima swichi. Mwaga mara moja, posho iwe imeisha au haijaisha. Halafu lipe gari safari ndefu ya barabara kuu. Baada ya hapo nilibadilisha ratiba za madereva, na kijiti kimetulia.

Kumwaga kwenyewe

Washa injini ipate uvuguvugu, izime. Mahali tambarare, breki ya mkono, kabari nyuma ya magurudumu, na kama umeinua, stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua kifuniko cha kujazia juu kwanza ili oili ishuke bila kukohoa. Weka beseni linalotosha: pikapu nyingi za dizeli zina lita 6 hadi 8, na beseni la gari dogo litafurika.

Legeza bolti ya sampu, iache imwage hadi ibaki matone. Ile pete bapa ya bolti (washa) huwa laini ili ijibane. Weka mpya kila mara. Kaza kwa kipimo cha kitabu. Sampu nyingi ni za alumini, na mkono wenye nguvu huondoka na nyuzi zake.

Filta ibadilishwe kila oili inapobadilishwa. Ile ya kopo ukiitoa, angalia kwa macho kama gasketi yake imetoka nayo. Ikibaki imeganda kwenye injini na ukafunga mpya juu yake, zitashikilia dakika chache kisha oili yote iko barabarani. Paka gasketi mpya oili safi, funga kwa mkono hadi iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko au kama kopo linavyosema. Spana ni ya kufungulia tu.

Jaza pungufu ya kitabu kwa karibu lita moja, pima, ongeza kidogo kidogo. Washa. Taa ya oili inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache, isipozimika, zima. Chungulia chini kwenye bolti na filta, zima, subiri dakika tano, pima tena, malizia. Futa kumbusho la sevisi kwenye dashibodi, na kwenye kipande cha tepu karibu na mdomo wa oili andika tarehe, kilomita, kiwango, mnato, na lita za dizeli zitakapoishia.

Kama unataka kujua posho yako imekaa sawa, chukua sampuli wakati wa kumwaga: si ile ya kwanza kutoka wala ya mwisho, ya katikati, kwenye chupa safi na kavu, uipeleke maabara ya vilainishi. Watakupa kiasi cha metali, dizeli iliyoingia, masizi, na akiba ya kupambana na asidi. Akiba hiyo ikiwa imeshuka chini ya nusu ya ile ya oili mpya, punguza posho. Silikoni, ambayo ni alama ya vumbi, ikiwa juu, katafute pasuko kwenye njia ya hewa kabla ya kulaumu oili. Sodiamu au potasiamu mara nyingi ni koolanti. Matokeo ya mara moja hayasemi mengi. Ya mara tatu mfululizo kwa gari lilelile yanasema.

Vaa glavu, maana oili iliyotumika ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi. Pindua filta ya zamani juu ya beseni hadi ikauke. Oili yote irudishe kwenye galoni ilimotoka mpya, ifunge, ipeleke kwa wakusanyaji. Usiichanganye na koolanti, petroli wala maji ya breki, kwa sababu wakusanyaji mara nyingi huikataa iliyochanganyika.